Boksi la Pumba Kabatini

Kwenye boksi kulikuwa na picha ya mwanamke anayecheka. Alikuwa ameinua kijiko, kichwa kimeegemea nyuma, meno yote nje, kana kwamba bakuli lake lilikuwa limemsimulia kisa. Mimi nimekula kilichokuwa ndani ya boksi lile. Hakina kisa. Kina ladha ya karatasi ngumu iliyonyeshewa ikaanikwa tena, na kikifika kooni kinakukumbusha kwamba koo lina kuta.

Nililinunua kwa sababu ya tumbo la mama yangu.

Kwetu Nyamira, upande wa Ikonge, mtu atakueleza habari za goti lake, za jino lake na za ng'ombe wake aliyeharibu mimba, lakini habari za choo hasemi. Mama alikaa muda mrefu bila kwenda haja ipasavyo, akanyamaza. Alichuma majani chai, akapika, akaenda kanisani, akanyamaza. Siku moja akajikunja katikati ya michai, na wachumaji wenzake wakambeba hadi barabarani. Hospitalini waliufungua utumbo wake bila kumpasua, kwa njia ambazo hatazisimulia kamwe. Lakini daktari alimwambia waziwazi kwamba ikitokea tena, huenda kisu kikahitajika. Mama husema haogopi kufa. Kisu anakiogopa. Dada yake aliingizwa chumba cha upasuaji akiwa anaongea, akatoka amenyamaza.

Siku ya kuruhusiwa tulipelekwa kwa kijana wa lishe. Alikuwa mpole, na alikuwa na foleni ndefu mlangoni.

"Kila asubuhi ale nafaka zenye nyuzinyuzi nyingi," akasema. "Zile za boksi. Aanze kidogo kidogo, na anywe maji ya kutosha."

"Kwa nini za boksi?" nikauliza.

"Zina nyuzinyuzi."

"Na wimbi?"

"Wimbi pia. Maharagwe pia, mboga pia, matunda pia. Lakini watu wanapenda kitu kilicho tayari."

"Watu gani wanaopenda hicho kitu? Wewe unakipenda?"

Mama akanikanyaga mguu chini ya meza. Amekuwa akinikanyaga hivyo tangu nikiwa shule ya msingi, kila nilipomuuliza mwalimu wa shule ya Sabato ni nani aliyewapikia malaika.

"Huyu alisoma chuo kikuu," akamwambia kijana yule, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa ugonjwa wa ukoo.

Nafanya kazi mjini Kisii na nimepanga chumba Kiogoro, kwa hiyo nyumbani nafika Ijumaa na kuondoka Jumapili. Ijumaa ya wiki ile nilifika na boksi. Jumapili asubuhi nikamimina nafaka kwenye bakuli, nikachemsha maziwa, nikamwagia. Kufumba na kufumbua zile chenga zikalegea zikawa gundi. Mama aliingiza kijiko, akakiinua, akatazama kile kitu kikining'inia.

"Hii ni pumba," akasema.

"Ni pumba ya ngano, ndiyo. Ndiyo yenye nyuzinyuzi."

"Umetoka mjini kuja kunilisha chakula cha kuku."

"Mama, kuku wako hawafungi choo."

Alikula vijiko viwili akiwa amefumba macho, akasukuma bakuli. Nikampigia simu kaka yangu aliye Nakuru, maana kaka yangu ana suluhisho la kila jambo lililo mbali naye.

"Mwambie ajikaze," akasema. "Dawa haina utamu."

"Wewe umeionja?"

"Mimi si mgonjwa."

Sentensi hiyo ilinikaa tumboni kuliko ile pumba. Ni nani aliyeamua kwamba chakula cha kuponya lazima kiwe adhabu? Mtoto akiwa mzima tunamwekea sukari kwenye uji mpaka meno yake yanaoza. Mtu akiugua tunamwambia sasa ajikaze, kana kwamba ulimi nao umeachishwa kazi. Hata kanisani kwetu, siku mgeni wa mambo ya afya anapohubiri, husema nafaka zisizokobolewa kwa sauti ile ile anayosemea jehanamu. Na watengenezaji wa maboksi wanajua tutakula kwa hofu, basi hawajisumbui. Wanachora mtu anacheka, wanaacha.

Ijumaa iliyofuata nilikuta boksi limefika nusu. Ijumaa ya pili lilikuwa tupu. Sikuamini. Nilimtazama mama kama mtu anayetazama mtoto wake kapita mtihani.

"Umelizoea?"

"Si uliniletea liliwe?" akajibu, akiendelea kuchambua mboga.

Nikanunua lingine, na baada ya hilo, lingine. Kazini nilijigamba kwa wenzangu: mama yangu, mkulima wa Nyamira, anakula boksi zima bila kelele, na nyinyi mnalia mkipewa tufaha. Lakini kuna kitu hakikukaa sawa. Kila nilipokuwa nyumbani nilimwona akienda chooni, nyuma ya migomba, na kukaa huko mpaka chai yake inapoa. Alirudi akiwa ameshika kiuno, uso umekunjamana. Nikimuuliza anasema ni mgongo. Nilisoma maelezo yote nyuma ya boksi. Nilijiuliza kama nyuzinyuzi za kiwandani ni uongo mtupu, na nilikuwa tayari kuamini hivyo. Nilishuku kila kitu isipokuwa kabati la mama.

Kisha Jumatano moja ofisi yetu ilifungwa kwa sababu mabomba ya maji yalipasuka, na nikaamua kwenda nyumbani. Nilifika asubuhi, jua halijapanda sana, nikasikia sauti za wanawake ndani.

Kwetu mgonjwa akitoka hospitali watu huja kumwona, na hawaji mikono mitupu. Wanaleta sukari, wanaleta siagi, wanaleta mkate mweupe. Mwenye nyumba naye hawezi kuwaacha waondoke midomo mikavu. Haya yote nimeyajua tangu utotoni, na bado sikuwa nimeyaunganisha.

Walikuwa akina mama wanne wa kanisa. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cha kufuma. Mabakuli ya vioo yalikuwa yametoka kabatini, yale ambayo sisi watoto wa nyumba hatujawahi kulia chakula. Na katikati ya meza, pale ambapo nyumba nyingine huweka maua, lilisimama boksi langu, mwanamke anacheka. Mbele ya kila mgeni kulikuwa na bakuli la pumba na maziwa moto. Mama alikuwa ameketi pembeni. Mkononi alikuwa na kipande cha mkate mweupe, mkate wao, umepakwa siagi yao.

Nilisimama mlangoni na mkoba begani.

"Karibu, binti wa mjini," akasema mkubwa wao, shemasi mnene ambaye sauti yake hufika uwanjani kabla yake. "Umetukuta tunakula vitu vyenu."

"Mnavionaje?" nikauliza.

"Vina kazi," akasema akitafuna. "Ukimaliza bakuli unahisi umelima."

"Ongeza sukari," jirani yake akamshauri. "Mimi nimeweka vijiko vinne, naona bado inanipiga vita."

"Lakini inajenga," akasema wa tatu, mwembamba, aliyekuwa akila kwa utii mkubwa. "Kama haijengi wangeiweka kwenye boksi zuri hivi?"

Wa nne alikuwa na shughuli. Alikuwa anameza.

"Mama," nikasema, "na wewe umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Mguu wangu ulikuwa mbali naye, hakuweza kuukanyaga. Alinikazia macho. Ningenyamaza, najua. Binti aliyelelewa vizuri angesalimia, angeenda jikoni, angesubiri wageni waondoke. Mimi nilitazama ule mkate mweupe, nikamwona mama amejikunja katikati ya michai, nikasema:

"Hicho mnachokula ni dawa yake. Ndicho alichoambiwa ale ili tumbo lisifunge tena. Tangu atoke hospitali mmekuwa mkimlia dawa."

Vijiko vilitulia. Shemasi akatazama ndani ya bakuli lake. Akamtazama mama. Akatazama tena bakuli. Kisha kifua chake kikaanza kutikisika.

"Yesu wangu! Kumbe ndiyo maana tangu juzi mlango wa choo changu haupumziki!"

Wakacheka wote. Yule mwembamba alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Mimi sikucheka. Mama alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliokuwa umegeukia wageni. Walipotosheka kucheka wakasimama, wakashikana mikono, wakamwombea. Shemasi alimsihi Mungu alifungue tumbo la dada yao, akaomba kwa bidii na machozi, na pumba ya tumbo hilo hilo ikiwa bado katikati ya meno yake. Sikufumba macho. Nilimtazama yule mwanamke wa kwenye boksi, na kwa mara ya kwanza nikaelewa anacheka nini.

Walipoondoka, mama aliosha bakuli moja moja bila kunitazama.

"Umeniaibisha nyumbani kwangu."

"Na wewe unataka kurudi hospitali."

"Watu wametoka mbali kuniona. Niwape nini? Wengine hata majani chai hawanywi, kanisa linakataza, na unajua."

Hilo ni kweli. Tunalima majani chai, tunayauza, yanatusomesha, na mgeni wa kanisa akija tunayaficha na kuchemsha maziwa matupu. Nimeuliza sana kuhusu jambo hilo na sijapata jibu, ila siku hiyo sikutaka kubadilisha mada.

"Ungewapa mkate wao wenyewe."

"Mgeni nimrudishie alicholeta?" Aligeuka, povu likimtiririka mikononi. "Wewe ulifundishwa nini huko chuo? Nyumba ina kitu cha dukani, kimefungwa vizuri, halafu nikile peke yangu mlango umefungwa, wao niwape viazi vya jana?"

"Basi wakila, ule nao! Mbona wewe unakula mkate?"

Aliweka bakuli la mwisho juu ya kitambaa, akafuta mikono, akaketi kwenye kigoda cha jikoni.

"Nimejaribu," akasema, na sauti yake haikuwa ya kugombana tena. "Ukiondoka Jumapili, Jumatatu najaribu. Nikiweka mdomoni nasikia kile kitanda. Nasikia ile dawa ya kusafishia sakafu. Natafuna, haiishi, na nikiwa natafuna nafikiria dada yangu. Ungekuwa wewe ungemeza?"

Nilikuwa na maswali kwa kila mtu, kwa kijana wa lishe, kwa kaka, kwa kanisa, kwa kiwanda. Swali la kwa nini hamezi hakuna aliyekuwa amelijibu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza yeye.

Nilirudi Kiogoro na hasira mpya, ya kufanyia kazi. Kama tatizo lilikuwa mdomoni, suluhisho lingetoka mdomoni, si katika mahubiri. Jikoni kwangu, kwenye jiko dogo la gesi, nikaanza kuisumbua ile pumba. Niliichanganya kwenye uji wa wimbi. Nilipompelekea mama akasema nimeharibu uji. Niliiweka kwenye mala, yale maziwa ya kuganda, nikairundikia ndizi mbivu. Mimi niliipenda. Yeye akauliza ni nani amemtapikia ndizi ndani ya maziwa. Niliiponda na parachichi, na hapo naomba tusiendelee.

Kila mara niliposhindwa nilimwona akijitahidi kwa kijiko, na ndipo nikaanza kukishuku kijiko chenyewe. Mama hali asubuhi kwa kijiko. Uji anaunywa kwa kikombe. Viazi, mahindi, njugu, ndizi, vyote anakula kwa mkono, akiwa amesimama, akielekea mahali. Bakuli na kijiko ni vitu alivyopewa akiwa amelala chali. Nilikuwa nimemletea hospitali mezani na kumwambia aongeze ndizi.

Ijumaa nikabeba vitu vyangu kwenda nyumbani. Nikaponda ndizi mbivu zile ndogo tamu, nikachanganya na pumba mpaka ikashikana, nikatia chumvi kidogo sana. Nikaitandaza kwenye sinia juu ya makaa hafifu, nikawa naigeuza na kuivunja. Pembeni nikakaanga njugu na simsim. Pumba ikikaukia motoni hubadilika tabia. Inaacha kunuka gunia, inaanza kunuka kama mkate unaotoka kwenye moto, na ndizi inaungua kidogo pembeni na kuwa tamu kuliko sukari ya mtu yeyote.

"Jua linatua," mama akaniita kutoka uani. "Maliza mambo yako ya moto. Sabato haikungoji."

"Dakika moja."

"Ulimwambia nani hivyo, jua?"

Nikaipua. Nikachanganya vyote kwenye sufuria, mabonge madogo ya kutafunika pamoja na njugu, nikafunika, nikaiacha mezani. Kwetu Sabato hatupiki. Chai hulala kwenye thamosi, viazi vimechemshwa jana yake, na asubuhi kila mtu anachukua anachokuta akiwa anavaa viatu. Ndiyo asubuhi pekee ambayo mama hamtengei mtu meza.

Asubuhi alipita akiwa na gauni lake la kanisani, Biblia kwapani, akitafuta kitambaa cha kichwa. Akafunua sufuria. Akachota kidogo kwa vidole, kama mtu anavyoonja njugu za jirani, akatia mdomoni, akaendelea kutafuta kitambaa. Nilikuwa nimeketi pale pale. Nilijikaza nisiseme chochote, na kwa tabia yangu, hiyo ni kazi ya kutoa jasho. Akarudi. Akachota tena, safari hii kiganja kizima. Akamimina chai, akaegemea mlango, akatafuna akitazama shamba.

"Hizi njugu umezikaanga vizuri," akasema.

"Asante."

"Na hiki kingine ni nini?"

"Kunywa na maji, Mama."

Alinitazama. Akajua. Nilisubiri ateme. Alimeza, akachota tena, akafunga kwenye leso vya kutafuna njiani.

Ingefaa niishie hapo, lakini wageni hawakuisha. Wiki mbili baadaye shemasi alikuja Jumapili, na yule mwembamba nyuma yake. Mama akafungua kabati, nami nikajua tumerudi kule kule. Alitoa lile boksi. Akaliinamisha juu ya sahani, na ndani yake yakamwagika mabonge yangu, njugu zangu, simsim yangu, kazi yangu yote ya Ijumaa.

"Mama! Umeyatia kwenye boksi?"

"Nimetia."

"Kwa nini? Hao watu wa kiwanda hawakufanya chochote! Hiyo ni ndizi ya shamba lako!"

"Nikitoa kwenye sufuria watasema nimewapa makombo," akasema bila haya. "Wakiona boksi wanakula kwa heshima."

Shemasi alichukua bonge moja, akaligeuza huku na huku, akalirudisha sahanini.

"Mimi nimeonywa," akasema, akinielekezea kidole. "Hapa watu hula dawa za wenyewe. Leo sitii kitu mdomoni mpaka nimwone mwenye tumbo amemeza."

"Kula bwana, wewe ni mgeni," mama akasema.

"Na wewe ni mgonjwa. Meza, tukuone."

"Nitakula baadaye."

"Basi na sisi tutakula baadaye. Dada, weka mikono chini, tusubiri." Yule mwembamba, ambaye alikuwa amekwisha kushika njugu, akairudisha kwa huzuni.

Mama alisimama katikati ya sebule yake, wageni wawili mikono magotini, sahani imejaa. Sijawahi kumwona ameshindwa hivyo katika nyumba yake. Akachota kiganja, akatia mdomoni, akatafuna akimtazama shemasi usoni, akameza, akanywa maji glasi nzima.

"Haya," akasema. "Mmeona?"

"Amina," akasema shemasi, akavuta sahani.

Walikuwa bado wanatafuna mama alipotoka kwa mlango wa nyuma na kushika njia ya migombani. Nikaangalia kikombe changu cha maziwa. Kilikuwa kinafuka mvuke. Alirudi kikiwa bado kinafuka, ananawa mikono kwenye karai la nje, mgongo umenyooka, anaimba wimbo wa kanisa kwa pua.

"Unaniangalia nini?" akaniuliza kwa sauti ya chini alipopita.

"Sijasema kitu."

"Basi usiseme. Kuna wageni."

Akaketi mezani kati yao, akalisogeza boksi pembeni ili aifikie sahani.